Kabla Hujampeleka Bichi Mtu Wako, Soma Hii: Historia ya Ziwa Letu Ambayo Haipo Kwenye Picha za Insta

Leo hakuna ubuyu wa mastaa, nani kaachana na nani mtasoma kesho. Leo nina stori ya watu wawili ambao hawana hata wafuasi elfu moja, na majina yao siwapi hata mkinibembeleza.

Wiki mbili zilizopita mshkaji wangu mmoja wa hapa hapa Pasiansi alinifuata kijiweni usiku. Jamaa ana kibanda cha vifaa vya simu, anauza kava na chaji, mtu wa hesabu kweli kweli. Kajichanga miezi mitano ili ampeleke mpenzi wake mtoko wa siku mbili. Sio chipsi kuku pale barabarani, namaanisha mtoko wenyewe. Akapanga Ukerewe: kupanda meli asubuhi, kulala Nansio, kushinda bichi, kurudi kesho yake. Akamwambia mrembo. Mrembo akasema asante, akanyamaza. Kesho yake akatuma meseji kwamba haendi.

Unajua sisi wanaume. Jamaa moja kwa moja akawaza kuna mwanaume mwingine. Akaja kwangu akiwa amevimba, anataka nimtajie bichi nyingine kali zaidi, yenye picha nzuri, ili mtoto alainike. Nikamwambia subiri kwanza, tumuulize mwenyewe. Nikampigia shemeji. Alijibu sentensi moja tu: "Shem, kwetu hatupandi meli."

Nikakaa na hiyo sentensi. Nimezaliwa Mwanza, ziwa nimeliona kabla sijajua kusoma, lakini nikagundua sijui kitu. Shule niliishia fomu foo, ila kusoma sijaacha. Kwa hiyo nikaanza kuchimba: lini hasa watu wa huku tulianza kwenda ziwani kula bata? Na wale wasiotaka kwenda, wanajua nini ambacho sisi hatujui? Nilichokipata ndicho hiki.

ZAMANI ZIWA LILIKUWA LA KAZI

Bibi yako akisema anaenda ziwani, alikuwa anaenda kuteka maji, kufua au kununua samaki kwa wavuvi. Kuoga pia, lakini kuoga kwa sabuni. Habari ya kutandika kanga kwenye mchanga ukae na mtu wako mkiangalia mawimbi bila kufanya kitu, watu wangedhani mmechanganyikiwa wote wawili. Hata leo nenda mwaloni Kirumba saa kumi na moja alfajiri uone. Pale hakuna anayeangalia mawio ya jua, watu wanaangalia bei ya dagaa.

Safari za watu wawili wanaopendana zilikuwepo, ila nyingi zilikuwa za kwenda ukweni. Kuna mzee mmoja wa Ukerewe, Aniceti Kitereza, alimaliza kuandika riwaya kwa lugha ya Kikerewe mwaka 1945. Inahusu mume na mke, Myombekere na Bugonoka. Hawajapata mtoto, ndugu wa mume wana maneno makali, mpaka wazazi wa mke wanakuja kumchukua binti yao. Mume hakuandika stetasi za mafumbo. Alifunga safari mwenyewe kwenda kumfuata mkewe, na wakwe wakamwambia kabla ya kumrudisha, lete pombe ya ndizi. Akaenda kuihangaikia. Kitabu hicho kilikuja kutoka kwa Kiswahili mwaka 1980, miaka 35 baada ya kuandikwa, na mzee akafariki 1981.

Nimemtaja kwa sababu moja. Ukiwa unatafuta sehemu ya kimapenzi katika ziwa hili, kisiwa cha Ukerewe kina stori ya mapenzi kuliko bichi yoyote yenye bembea na maua ya plastiki. Na ni stori ya mwanaume aliyekubali kusikiliza upande wa ukweni kabla ya kudai haki yake. Kumbuka hilo, tutalirudia.

HATA WAZUNGU WALIKUWA WANAOGOPA BAHARI

Hapa nilishangaa. Nilidhani Mzungu kazaliwa na miwani ya jua. Kumbe kwa karne nyingi watu wa Ulaya nao waliona bahari ni sehemu ya dhoruba, maharamia na kufa maji. Kwenye miaka ya 1700 ndipo madaktari wa Uingereza walipoanza kuwaandikia wagonjwa matajiri kuoga maji ya bahari kama dawa, na wengine waliambiwa hata wayanywe. Miji kama Brighton ikakua kwa biashara hiyo. Baadaye reli zikafika, watu wa kawaida nao wakaanza kwenda, na kilichokuwa dawa kikageuka starehe.

Halafu kuna kitu ambacho hatukisemi: bichi inahitaji likizo. Ufaransa wafanyakazi walipata sheria ya wiki mbili za likizo yenye malipo mwaka 1936. Uingereza ilitunga sheria yake ya likizo yenye malipo 1938. Kabla ya hapo mtu wa kiwandani akilala bichi siku tano, siku tano hizo halipwi.

Kwetu Tanzania, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya siku 28 kwa mwaka. Safi sana. Lakini angalia kijiwe chetu: boda, machinga, dada wa saluni, mama ntilie, mshkaji wangu wa kava za simu. Nani ana siku 28? Kwetu sisi siku mbili za mtoko ni siku mbili za kibanda kufungwa. Ndiyo maana jamaa aliumia vile, hakuwa amepoteza tiketi peke yake.

MWINGEREZA, MJERUMANI NA MAJINA YA MAWE

Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alifika huku Mwanza akaliona ziwa. Mwenzake Richard Burton alikuwa mgonjwa, kabaki Tabora. Speke akalipa ziwa jina la malkia wake, Victoria, kana kwamba wenyeji walikuwa wanaliita "lile la maji mengi pale". Wakerewe, Wasukuma, Wazinza na wengine walikuwa wanalivuka kwa mitumbwi miaka na miaka. Ila nimpe sifa moja: alikuja Agosti, katikati ya kiangazi chetu, mwezi ambao hata mimi nakushauri utoke na mtu wako.

Wajerumani wakaanzisha kituo chao Mwanza mwaka 1892. Lile jiwe maarufu pale majini, ambalo kila mtu akishuka Mwanza lazima apige nalo selfi, likabeba jina la Bismarck, chansela wa Ujerumani. Mwaka 1928, Mwingereza akiwa ameshachukua nchi, reli ya kutoka Tabora ikafika Mwanza. Mji ukakua kwa pamba na bandari. Na kama miji mingi ya kikoloni, watu walipangwa kwa rangi: Mzungu sehemu yake, Mhindi sehemu yake, Mwafrika sehemu yake. Capri Point, ile ncha nzuri yenye upepo, ilikuwa ya wakubwa. Kwa hiyo sehemu za kwanza za kukaa na kuangalia ziwa kwa raha zilikuwepo, ila babu yako alifika pale kama mpishi au mtunza bustani.

Wakati huohuo, upande wa Uganda, ziwa lilikuwa linatisha kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 ugonjwa wa malale uliua zaidi ya watu 200,000 kuzunguka kule, na serikali ya kikoloni ikawahamisha watu kwa nguvu kutoka ufukweni na visiwani. Visiwa vya Ssese, ambavyo leo vijana wa Kampala wanaenda kula bata wikiendi, vilibaki bila watu. Ndiyo ujue mchanga haukumbuki, wanaokumbuka ni watu.

SAANANE, RUBONDO NA SOKWE WA ULAYA

Baada ya uhuru mambo yakabadilika. Kisiwa cha Saanane, kile unachokiona ukisimama Capri Point, kimepewa jina la mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi pale. Mwaka 1964 serikali ikakifanya bustani ya wanyama. Kwa mara ya kwanza mtoto wa Kirumba au Pasiansi angeweza kupanda boti kwenda kutembea tu, si kuvua wala kuuza. Mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2 na kidogo. Ukiuliza wazazi wa Mwanza mtoko wao wa kwanza ulikuwa wapi, wengi watakwambia Saanane. Wengine wana hadi picha za studio na zile suruali za bwanga.

Rubondo ndiyo stori tamu zaidi. Kisiwa kile kikawa pori la akiba 1965, na hifadhi ya taifa 1977. Kati ya 1966 na 1969 waliletwa sokwe 17 kutoka Ulaya, waliokuwa wanaishi kwenye vizimba. Wakaachiwa msituni. Hakuna aliyewafundisha kutafuta matunda wala kutengeneza kitanda cha majani, ila waliweza, wakazaa, na vizazi vyao vipo mpaka leo.

TAREHE 21 MEI 1996

Sasa twende kwenye sentensi ya shemeji.

Wengi wetu tunaosoma hapa tulikuwa hatujazaliwa. Meli ya MV Bukoba ilikuwa inatoka Bukoba kuja Mwanza, ilisafiri usiku, na asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ikiwa karibu kufika ikapinduka. Ilijengwa kubeba abiria 430 na ilikuwa na wengi kuliko hao. Waliokufa wanahesabiwa kuwa zaidi ya 800. Walipojaribu kutoboa ubavu wa meli ili kuwaokoa waliokuwa ndani, hewa ikatoka na meli ikazama. Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo. Wengi walizikwa Igoma, na mnara wa kumbukumbu upo pale. Daladala za Igoma tunapanda kila siku, wangapi tumewahi kushuka pale?

Nilikwenda kumsalimia mama yake shemeji, mshkaji akiwa nyuma yangu kama mtoto aliyevunja sahani. Tukaamkia, tukakaribishwa chai. Mama alizungumza taratibu, macho yako kwenye kikombe. Mwaka ule alikuwa binti wa miaka 19. Asubuhi hiyo alikwenda bandarini kumpokea kaka yake mkubwa kutoka Bukoba. Alikuwa amempikia ndizi nyumbani, kazifunika na kitambaa. Alisimama bandarini mpaka jioni. Aliporudi zile ndizi zilikuwa pale pale mezani, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuzitoa.

"Mwanangu," akamwambia mshkaji, "mimi sina ubaya na wewe. Ila binti yangu nimemlea kwa kumwambia meli usipande. Na mwaka 2018 nilidhani nimesahau, nikasikia tena."

Mwaka 2018 ni MV Nyerere. Tarehe 20 Septemba, kivuko kilichotoka Bugolora, Ukerewe, kikapinduka kikiwa kinakaribia kabisa kisiwa cha Ukara. Watu 228 walifariki. Ukara ilikuwa inaonekana kwa macho.

Jamaa yangu hakusema kitu. Amezaliwa hapa, amekulia hapa, na miezi mitano yote aliyokuwa anaweka akiba hakuwahi kumuuliza mpenzi wake swali moja: wewe ziwa unalionaje?

SASA MNAENDA WAPI?

Sijaandika haya ili mkae ndani. Ziwa ni letu, na baada ya historia yote hii tuna haki ya kulikalia bila ndoo wala nyavu. Nimeandika ili mchague mkiwa mnajua. Ushauri wangu kwa wapenzi wa Mwanza ni huu:

Anza na swali, pesa baadaye. Muulize mwenzako kama anapenda maji, anajua kuogelea, anaogopa boti, nyumbani kwao kuna historia gani. Mkiwa mmetoka familia mbili tofauti, ziwa moja lina stori mbili.

Kama mmoja hapandi chombo cha majini, kaeni nchi kavu. Fukwe za upande wa Ilemela zipo karibu na sisi wa Pasiansi, unafika kwa daladala au boda. Sehemu nyingi hukulazimishi kulala, mnakula sato wenu, mnaangalia jua linazama, usiku mko nyumbani. Musoma nayo inafikika kwa basi, na ina upepo wa ajabu.

Kama mnaweza boti fupi tu, Saanane. Ni dakika chache kutoka nchi kavu, kuna mawe ya kupanda, pimbi na nyani wa kuwachungulia. Nusu siku inatosha.

Kama mna muda na mfuko, Rubondo. Siku hizi safari imekuwa nyepesi, kwa sababu daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilizinduliwa Juni 2025. Zamani pale mlikuwa mnasubiri kivuko. Mkifika upande wa Geita au Chato ndipo mnachukua boti.

Ukerewe panda meli tu kama wote wawili mmeridhika. Wasiopenda safari ndefu ya maji wanaweza kuzunguka kwa barabara kupitia Bunda na kuvuka kwa kivuko kutoka Kisorya, maji ya kuvuka pale ni machache.

Chombo chochote mnachopanda, angalieni jaketi la kuokolea maisha lipo na mlivae, sio mlikalie. Chombo kikijaa, shukeni. Hela ya tiketi inatafutwa, na mtu akiwacheka muache acheke.

Maji ya ziwa yana kichocho. Hili matangazo ya bichi hayakwambii. Vijidudu vyake vinatoka kwa konokono wa majini na kuingia kupitia ngozi, hasa sehemu zenye maji yaliyotulia na majani. Zanzibar hamna hiyo shida baharini kwa sababu ni maji chumvi. Mkioga ziwani, baadaye nendeni kituo cha afya mkapime, dawa ipo na inatibu. Mapenzi ni pamoja na kupima.

Wakati mzuri ni Juni mpaka Septemba, mvua hamna. Na piga simu kwanza uulize kama mchanga upo. Sitanii. Mwaka 2020 kina cha ziwa kilipanda mpaka kikapita rekodi ya 1964, na 2024 kikapanda tena. Picha ya bichi ya mwaka 2017 inaweza kuwa leo ni makazi ya sato.

Na Zanzibar? Nenda ukiweza, Nungwi na Kendwa ni kuzuri. Ila kutoka Mwanza hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara, bado boti, na hiyo boti nayo ni meli. Usimpeleke mtu mbali kuukimbia woga ambao mtaukuta bandarini.

ILIISHAJE?

Mshkaji alirudishiwa nusu ya hela ya chumba, nusu ikaliwa. Akaiacha. Jumamosi iliyopita asubuhi walipanda daladala kwenda Igoma, yeye, mrembo na mama. Mama hakuwa amefika pale miaka mingi. Walikaa kama nusu saa, mama akapangusa vumbi kwenye mnara kwa ncha ya kanga, wakaondoka.

Mchana wakaenda wawili bichi ya huku Ilemela. Jamaa alinionyesha picha moja tu. Wamekaa mbali na maji, hatua kama ishirini hivi, sahani ya samaki katikati. Nikamuuliza mbona hamkusogea karibu. Akasema shemeji wenu ndiye aliyechagua pale, na saa kumi na moja jioni akavua ndala mwenyewe, akasogea mpaka maji yakamgusa vidole, akarudi.

Hela iliyobaki amenunulia kava za simu, kibanda kimefunguliwa, msije kumuuliza kama ndiye yeye, atakataa.

Haya wadau, zamu yenu. Nyumbani kwenu ziwa linaongelewaje? Wazazi wenu mtoko wao wa kwanza ulikuwa wapi? Waulizeni leo usiku, halafu tupieni hapo chini kwenye maoni. Na wewe uliyepanga kumfanyia mtu sapraizi ya boti wikiendi hii, muulize kwanza.